Kabla ya Kupanda Meli ya Matembezi

Mnamo Desemba 2024 meli ya matembezi iitwayo Aroya iling'oa nanga katika bandari ya Jedda kwa safari zake za kwanza katika Bahari ya Shamu. Ina urefu wa mita 335 na nafasi ya abiria zaidi ya 3,300; haina pombe wala meza za kamari, na ina mahali pa kusalia. Chombo chenyewe si kipya. Kiliundwa Ujerumani mwaka 2017 kikiitwa World Dream, kikatembea katika bahari za Asia ya Mashariki hadi kampuni iliyokimiliki ilipoanguka mwaka 2022, ndipo Wasaudi wakakichukua na kukibadili. Habari zake zimeenea majumbani mwetu, na tangu hapo ukumbi huu umekuwa ukiulizwa: Je, sisi nasi twaweza kwenda? Itagharimu nini? Mama mtu mzima ataiweza safari? Na Swala je?

Tumeona tuyajibu maswali hayo kwa pamoja, kwani karibu yote yana sifa moja. Jibu lake lina faida likijulikana kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Likijulikana baadaye, huwa ni majuto.

Kwa wazee wetu meli si jambo geni. Wapo wanaozikumbuka Karanja na Kampala, zilizokuwa zikipokea abiria Kilindini kuwapeleka Bombay. Lakini meli zile zilikuwa vyombo vya kumfikisha mtu aendako. Meli ya matembezi yenyewe ndiyo makazi, yenyewe ndiyo maakuli na michezo ya watoto, na aghalabu humrejesha abiria katika bandari ile ile aliyoondokea. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayowaponza wengi katika jambo la viza. Mwenye viza ya kuingia Dubai mara moja tu, meli ikishaondoka kwenda Muscat au Doha, viza yake imekwisha kutumika. Meli ikirudi Dubai siku ya saba, hana ruhusa ya kuingia tena. Anayepanda Istanbul kuvizuru visiwa vya Ugiriki, kama Aroya ilivyofanya katika msimu wa kiangazi wa 2025, hatosheki na viza ya Uturuki. Anahitaji na ile ya Schengen. Kampuni za meli hazimwombei abiria viza. Mtu akifika gatini bila karatasi iliyo sawa huzuiwa kupanda, na kwa kawaida harudishiwi fedha zake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, iandike njia yote ya meli, bandari kwa bandari, uulizie kila nchi sharti lake kwa mwenye pasipoti ya Kenya: si pasipoti ya Kiingereza ya jamaa aliyekupigia sifa za safari kutoka London. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele baada ya tarehe ya kurudi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahauliwe, kwani nchi kadhaa za njia hizi, Saudia na Misri zikiwamo, hukidai kwa watokao kwetu. Chanjo ichomwe si chini ya siku kumi kabla ya kusafiri. Na kabla ya kutia saini, muulize wakala swali moja wazi, akujibu kwa maandishi: nikinyimwa viza, narudishiwa kiasi gani, na mpaka tarehe gani? Adhabu ya kuvunja safari hupanda kadiri siku zinavyokaribia, hata ikafika bei nzima. Wakala mwenyewe awe na leseni ya Mamlaka ya Kusimamia Utalii. Yaliyowapata watu kwa mawakala wa umra wasio na leseni hatuna haja ya kuyasimulia hapa.

Tuje kwenye bei. Ile inayotangazwa ni ya mtu mmoja, kwa kukadiria kuwa chumba kina watu wawili. Mjane au dada anayetaka chumba peke yake aweza kutozwa karibu bei ya wawili. Watoto wakiwekwa chumba kimoja na wazazi hulipiwa kidogo, wakati mwingine nauli ya bandari tu, lakini chumba cha ndani kisicho na dirisha hakizidi sana mita za mraba kumi na tano, na kitanda cha mtoto hushuka kutoka ukutani. Familia ya watu watano wenye binti baleghe na mvulana baleghe wasidanganyike kwa unafuu huo. Vyumba viwili vyenye mlango wa kati huwa ni stara bora, navyo hukatwa mapema.

Ndani ya bei hiyo mna chumba, chakula cha ukumbi mkuu na meza ya kujipakulia, mabwawa na michezo mingi. Nje yake mna bakshishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi huikata kwa kila kichwa kwa kila siku, hata cha mtoto; mna vinywaji, intaneti, matembezi ya nchi kavu na matibabu. Na juu ya yote mna tikiti ya ndege, kwani meli kubwa tunazoziona Kilindini nyakati za kaskazi zimebeba abiria waliopanda mbali na wanaoshukia mbali. Msafiri wa Mombasa huanza kwa kuruka hadi Jedda, Dubai au Istanbul, na ni busara kufika siku moja kabla.

Melini hakulipwi kwa fedha taslimu wala kwa M-Pesa. Kila abiria hupewa kadi ya chumba, na matumizi yote huandikwa humo hadi mwisho wa safari. Ukiwa umetoa kadi ya benki inayokata moja kwa moja katika akaunti, meli yaweza kuzuia kiasi cha fedha zako kama dhamana na kuziachilia siku kadhaa baada ya wewe kurudi nyumbani, na katika siku hizo karo ya mtoto ikingojea, utaumia. Simu nayo itiwe katika hali ya ndege mara meli inapotoka bandarini. Huko nje hushika mtandao wa setilaiti wa meli, na mazungumzo ya dakika chache na nyanya aliyebaki Lamu yaweza kugharimu kuliko zawadi utakayomletea.

Lipo swali ambalo hatujaulizwa na mtu, nasi twaliuliza. Mwenye uwezo wa kulipia safari hii, ameshahiji? Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi wanazuoni wamepokea kuwa Hija yaweza kucheleweshwa kwa mwenye kuazimia kuitekeleza. Wengine wakasema ni wajibu wa papo hapo. Hatuko hapa kumhukumu mtu. Lakini chama cha kina mama kilichoweka akiba miaka minne, kikapata fedha za kutosha siku saba juu ya maji, kimefikia pia mahali ambapo swali hilo lina uzito, na ni afadhali lizungumzwe kikaoni kabla fedha hazijatoka.

Linaloandamana nalo ni la maharimu. Dada zetu wengi wamesikia kuwa mwanamke aweza kusafiri na wanawake waaminifu. Hilo limesemwa na mashekhe wa Kishafi, lakini wamelisema kwa Hija ya faradhi. Kwa safari isiyo ya wajibu, kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu ni kuwa mume au maharimu anahitajika. Wapo wanazuoni wa zama zetu waliolegeza kwa kuangalia amani ya njia. Chama kitakachokwenda kimwendee shekhe kinayemwamini kikiwa na ratiba mkononi, wala kisitosheke na ujumbe wa sauti uliozungushwa kwenye simu. Twaamini kina mama wanastahili jibu kamili katika hili, si kukatazwa kwa ukali wala kuruhusiwa kwa mzaha.

Aliye na nia ya kuunganisha umra na meli ya Jedda aulize pia kuhusu miqati. Meli irudiyo kutoka kaskazini hupita usawa wa Rabigh, ilipo Juhfa, kabla ya kuifikia Jedda. Suala la wapi kuhirimia, na kama viza aliyo nayo yaruhusu umra, limalizwe nyumbani.

Ama Swala, haina uzito ambao watu wanaudhania. Msafiri wa masafa haya hupunguza na kukusanya kama aijuavyo. Husali kwa kusimama akiweza. Akishikwa na kizunguzungu cha kumwangusha, hukaa. Ijumaa si wajibu kwake, husali Adhuhuri. Kinachotatiza ni kibla. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, kwa sababu Makka iko karibu juu kabisa ya mstari wetu. Ukiwa Jedda, Makka iko mashariki yako. Ukipanda hadi Sharm el-Sheikh, iko kusini mashariki, na meli hugeuka usiku wewe umelala. Dira ya simu haitegemewi ndani ya chumba, kwani chuma cha meli huipotosha. Njia nyepesi ni kuangalia runinga ya chumbani: meli nyingi zina idhaa inayoonyesha ramani na upande ambao omo imeelekea. Jua chumba chako kiko upande gani wa meli, ukisie kutoka hapo. Omo ikigeuka nawe uko katika Swala ya faradhi na umetambua, nawe wageuka.

Katika meli za kampuni za Ulaya, kama MSC na Costa, ambazo zimekuwa zikija Ghuba katika majira ya baridi, mambo mawili yaongezwe katika orodha. La kwanza ni nyama. Kampuni ikisema kuwa meli yaondokea nchi ya Kiislamu haina maana kuwa kila sufuria ni halali. Ombi la chakula halali hupelekwa kwa maandishi wiki kadhaa kabla, na hata hivyo mhudumu aulizwe kuhusu mvinyo katika mchuzi na katika vitamutamu. Samaki na mboga hazikosekani. La pili ni dogo na hakuna atangazaye: misalani hamna mpira wa maji. Chukueni kopo la istinja la plastiki katika sanduku. Hakuna atakayelifungua kulicheka.

Tuseme na juu ya hatari, kwani pwani yetu haihitaji kufundishwa. Wapo wasomaji wetu waliopoteza watu Mtongwe mwaka 1994, na wengine katika Spice Islander mwaka 2011. Meli kubwa za matembezi zina usalama ulio mbali sana na vyombo vile vilivyojazwa kupita kiasi, hata hivyo Costa Concordia iligonga mwamba pwani ya Italia Januari 2012, wakafa watu 32, na baadhi ya abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanya zoezi la dharura. Tangu hapo sheria imekazwa: zoezi hufanywa kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Msilikwepe kwa ajili ya kupanga nguo. Kila mama ajue kituo cha familia yake na njia ya ngazi, si ya lifti. Avae jaketi la kuokolea akiwa na buibui lake, ajifunze kulifunga juu ya nguo na kuipandisha mikunjo isimnase miguu. Suruali ndani na viatu visivyo na kisigino viwe karibu na kitanda. Wenye watoto waombe jaketi za kimo chao siku ile ile.

Mja mzito asilipe kabla ya kuhesabu. Kampuni nyingi hazimpokei atakayefikia wiki ya 24 wakati wowote wa safari, na huomba barua ya daktari kwa aliye chini ya hapo; mtoto mchanga wa chini ya miezi sita kwa kawaida naye hapokewi. Mtu mzima mwenye sukari au presha abebe dawa zake katika mkoba wa mkononi, kwani masanduku hufika chumbani saa kadhaa baadaye, na awe na bima inayotaja safari ya baharini, maana daktari wa meli hutoza kwa dola. Kwa anayelewa bahari, chumba cha katikati ya meli katika sitaha za chini hutikisika kidogo kuliko vile vya juu vyenye roshani, tena ni rahisi zaidi. Tangawizi husaidia wengi. Vidonge vinaleta usingizi.

Na mkishuka bandarini kutembea, tazameni saa ya meli, si ya simu, kwani zaweza kutofautiana. Saa ya kurudi huandikwa mlangoni, nayo huwa nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka. Matembezi mliyoyanunua melini yakichelewa, meli huwangoja. Teksi mliyoikodi wenyewe ikikwama njiani, haiwangoji, na gharama ya kuifuata hadi bandari inayofuata ni juu yenu. Tokeni na nakala za pasipoti mfukoni, na mzee mmoja akikataa kushuka kwa uchovu, aachwe apumzike: chai ipo, na msala ameshautandika.