Mwalimu Hayupo, Kipindi Kipo

Ukipita koridoni kwenye shule ya serikali saa nne na nusu asubuhi, darasa lisilo na mwalimu utalijua kabla hujafika mlangoni. Ama ni kelele, ama ni ule ukimya wa kunakili: monita amekabidhiwa daftari la mwalimu, anajaza ubao, na wenzake sabini wanaandika kila anachoandika pamoja na makosa yake ya herufi. Ndivyo tulivyozoea kuziba pengo. Njia hii haili umeme wala bando, mkaguzi akija atakuta madaftari yamejaa, na mtoto anatoka hapo akiwa na mwandiko mzuri wa jambo asilolielewa.

Sehemu kubwa ya mapengo hayo inajulikana mapema. Septemba walimu huitwa kusimamia mtihani wa darasa la saba, Novemba wa kidato cha nne. Kuna semina, kuna safari za halmashauri kufuatilia madai. Mwalimu anayejifungua anayo haki ya likizo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mimba haimjii mkuu wa shule kwa kushtukiza. Msiba na malaria ndivyo visivyotoa taarifa. Benki ya Dunia ilipopima utoaji wa huduma za elimu Tanzania mwaka 2014, ilikuta karibu nusu ya walimu wa msingi hawamo darasani wakati wa kipindi, ingawa wengi wao walikuwa ndani ya eneo la shule. Kwa hiyo hata siku ambayo hakuna aliyesafiri, kuna darasa linalojiendesha.

Ukitafuta mtandaoni mifano ya mpango wa kumwachia mwalimu wa akiba, utapata mingi sana, na mingi imetoka Marekani. Huko wilaya za elimu zina orodha ya watu wanaoitwa kushika darasa na kulipwa kwa siku. Anayefika asubuhi hamjui mtoto hata mmoja, ndiyo maana mpango wake una ramani ya viti, majina ya wenye mzio wa karanga na saa ya kwenda kula. Kazi zenyewe mwalimu mwenye somo amezipanga jana yake kwenye Google Classroom, jukwaa lililoanza mwaka 2014, zijifungue zenyewe kwenye kompyuta ya kila mwanafunzi muda ukifika.

Kwetu anayeshika kipindi ni mwalimu wa darasa la jirani. Watoto anawajua, na wazazi wa baadhi yao aliwafundisha yeye mwenyewe. Asichokuwa nacho ni muda, kwa kuwa darasa lake linamsubiri ng'ambo ya ukuta. Mpango unaomtaka asimame dakika 40 akieleza somo lisilo lake ataupokea kwa heshima zote, ataukunja, kisha atamwita monita. Mpango wa maana uandikwe kwa mtu atakayekuwapo dakika tano za mwanzo na tano za mwisho. Kila chombo cha mtandaoni nakipima kwa kipimo hicho: je, kinampunguzia kazi huyo jirani, au kinamwongezea?

Vyombo havijakosekana kabisa. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa kwa walimu. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure. Vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza kurushwa mwaka 2014, vinaeleza hesabu na sayansi kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Kigoma na wa Tanga wote wanakicheka. Shule yenye chumba cha kompyuta inaweza kutumia Kolibri, programu ya shirika la Learning Equality: masomo yanapakuliwa mara moja kwenye kompyuta moja, kisha nyingine zinayachukua hapo bila intaneti.

Kosa la kawaida ni kumwachia mwenzako kiungo. Kiungo si somo. Bando lake limekwisha, mtandao unasuasua, video inazunguka tu, na wanafunzi nao wanazunguka. Unachotaka akitumie kipakue wewe mwenyewe mapema, kifungue kuhakikisha kinacheza, kiweke kwenye kishikwambi au flashi, na ukipe jina linaloeleweka, kwa mfano "Darasa la 6 Sayansi Jumanne". Majina ya mafaili yanayoanza na VID na tarakimu kumi na mbili ni adhabu kwa mtu mwenye haraka.

Halafu tuwe wakweli kuhusu picha. Kioo cha kishikwambi hakionwi na watoto sabini. Bila projekta, na bila uhakika wa umeme siku hiyo, video nzuri kuliko zote inabaki burudani ya dawati la mbele. Lakini sauti inafika nyuma, hata kwa spika ndogo ya kuchaji.

Na kwa sauti hatuanzi leo. Miaka ya 1980 Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza shule za msingi kwa redio. Zanzibar, katika miaka ya 2000, watoto wadogo walifundishwa kwa vipindi vya redio vilivyoitwa Tucheze Tujifunze, na aliyekuwa nao hakulazimika kuwa mwalimu mbobezi. Siri ya vipindi vya aina hiyo ni mapumziko. Mtangazaji anauliza, ananyamaza, watoto wanajibu kwa pamoja, ndipo naye anataja jibu. Anasema "simameni", anasubiri wasimame. Kazi ya mtu mzima aliyemo chumbani ni kuwasha redio, kuwasogeza wasiofuata na kuonyesha kwa kidole.

Ufundi huo mwalimu anaweza kuuiga kwa simu yake usiku mmoja kabla ya safari. Tuseme ni somo la mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Jioni anachora mchoro kwenye karatasi ya manila, anaweka namba badala ya majina. Kisha anajirekodi dakika nane au kumi: "Tazameni namba moja. Chakula kinaanzia hapa. Panaitwaje? Andikeni." Ananyamaza, anahesabu kimoyomoyo hadi kumi, anasema "mdomo", anaendelea na umio. Katikati anawaambia wageukiane, kila mmoja amweleze mwenzake safari ya tonge la ugali mpaka lilipofikia, na anawaachia dakika mbili za kimya kwenye rekodi. Mwalimu jirani anabonyeza na kurudi kwake. Na watoto, wakiisikia sauti ya mwalimu wao ikiwaita kwa jina la darasa, hutulia kuliko wanavyotulia kwa sauti ya mgeni wa kwenye video, awe fundi kiasi gani.

Vinavyobaki vikae kwenye karatasi moja: darasa na kipindi, faili gani na liko wapi, watoto wafanye nini likiisha, majibu ya zoezi, na umeme ukikatika wafanye nini. Hilo la mwisho ndilo mifano ya Marekani hailigusi. Lugha ya andalio la somo, pamoja na umahiri wake mkuu na umahiri mahususi, ibaki kwenye andalio la somo. Chini acha mistari mitatu ambapo mwenzako ataandika waliishia wapi na nani alikwama. Usipoiacha, utarudi Alhamisi, uulize "mlifika wapi?", na watoto watakujibu kwa sauti moja kwamba hawakufundishwa.

Kuna wanaoshauri kazi zitumwe kwa wazazi kwenye kundi la WhatsApp. Shule zilipofungwa kwa korona, Machi hadi Juni 2020, tuliona jinsi njia hiyo inavyochagua watoto: mwenye mzazi mwenye simu janja anafanya kazi, asiye naye anasubiri. Wanafunzi wenyewe hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Kundi linafaa kuwakumbusha wazazi, lisibebeshwe kipindi.

Limebaki suala la nani analipa. Kupakua video chache kunakula bando, na leo bando hilo linatoka mfukoni mwa mwalimu. Ruzuku ya uendeshaji, iliyopangwa kuwa Sh10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na Sh25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, inanunua chaki na karatasi bila mjadala. Mwalimu wa taaluma akipewa bando moja la mwezi kutoka fungu hilo, akapakua kwa niaba ya wote na kuhifadhi rekodi za kila somo kwenye flashi moja ya ofisini, mwakani mwalimu wa Sayansi akienda kujifungua, sehemu ya kazi yake itakuwa imeshatangulia kabatini.