Dawa ya Kweli na Dawa ya Wezi: Tuchunge Navigatere ya Telefone Yetu



Kwenye ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, mavumbi, maji ya kunywa na chandarua. Leo tutasema juu ya telefone. Mutauliza: telefone na afya vinakutana wapi? Musikilize kwanza.

Asubuhi moja, kiisha zamu ya usiku, mufanyakazi mumoja alikuja kwa dispansere. Tansio yake ilikuwa juu, na usiku tatu hakupata usingizi. Nilimupa dawa, lakini nilimuuliza pia: kuna shida gani kwenye nyumba? Akasema kama mushahara wa mwezi muzima umetoka kwenye telefone, na mutoto anangojea feza ya masomo.

Alikuwa anatafuta habari za mupira kwenye intaneti. Maandishi makubwa yakatokea: « Navigatere yako imezeeka, iko na virusi. Finya hapa uifanye upya. » Akafinya. Programu ikaingia, ikaomba ruhusa ya kusoma mesaji zake, akakubali. Kisha ikamuonyesha ukurasa wenye kufanana na ule wa kampani inayochunga feza yake, na ukurasa ule ukaomba namba ya siri. Akaiandika. Jioni hakukubaki hata franka moja.

Ndugu yule hakuwa mujinga. Alikuwa amesikia kama inafaa kufanya navigatere upya, na hiyo ni kweli kabisa. Kosa ni moja tu: alipokea dawa kutoka mukono wa mwizi. Munajua namna inavyokuwa kwenye soko: dawa inaweza kuwa na jina la kweli kwenye boksi, na ndani kuko unga tu. Hatukatai dawa kwa sababu hiyo. Tunaenda kuitafuta kwa fasi inayojulikana.

NAVIGATERE NI NINI?

Ni programu inayotufungulia kurasa za intaneti. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita kivinjari. Kwenye telefone nyingi za kwetu ni Chrome. Wengine wako na Firefox ao Opera, na kwenye telefone za Apple ni Safari. Vitu vingi unavyosoma kwenye intaneti vinapita pale: habari, picha, masomo ya watoto, na mara nyingi mambo ya feza. Kwa hiyo navigatere ni kama mulango wa nyumba. Wageni wazuri wanapita pale, na mwizi pia anajaribu kupita pale.

KWA NINI INAOMBA KUFANYWA UPYA KILA MARA?

Wengi wanasema: « Hawa watu wanataka tu kula mega zetu. » Hapana. Navigatere inatengenezwa na watu, na maandishi yake ya ndani ni mengi sana. Hayakosi tundu. Tundu likionekana, watengenezaji wanaliziba, na kizibo kile kinakufikia kwa njia ya kufanya upya.

Tuchukue mufano wa kweli. Katika Septemba 2023, watu wa usalama wa kampani ya Apple na wachunguzi wa Citizen Lab, kwenye chuo kikuu cha Toronto kule Kanada, walijulisha tundu moja kwenye kitu kinachosaidia navigatere kufungua picha za namna ya WebP. Picha moja tu, iliyotengenezwa kwa hila, ingeweza kumufungulia mwizi njia. Google ilitoa kizibo kwa Chrome tarehe 11 Septemba 2023, na Mozilla, wenye kutengeneza Firefox, walitoa chao kesho yake. Google ilisema wazi kama tayari kuko watu waliokuwa wanatumia tundu lile.

Sasa muangalie jambo hili. Siku kizibo kinapotoka, wezi nao wanakisoma. Kinawaonyesha fasi tundu lilikuwa. Tangu siku ile wanatafuta wale ambao hawajaziba. Ni kama surua: chanjo ikifika kwenye kambi, ugonjwa unabaki kuwatafuta watoto wasiochanjwa. Kukawia mwezi mumoja ao miezi miwili ni kubaki kati ya hao.

NAMNA YA KUIFANYA UPYA PASIPO HATARI

Kanuni ya kwanza: ukurasa wa intaneti hauna kazi ya kukuambia kama navigatere yako imezeeka. Ukiona maandishi ya namna ile katikati ya ukurasa, usifinye kitu. Funga ukurasa, hata kama unakuogopesha na rangi nyekundu na sauti.

Kisha ufanye hivi. Fungua wewe mwenyewe Play Store, ile iliyokuja na telefone. Tafuta jina la navigatere yako. Ukiona « Mettre à jour », finya pale. Ukiona « Ouvrir » tu, ni kusema hakuna kitu kipya kinachokungojea. Kazi imeisha.

Kwa mambo ya mega: mara nyingi telefone inangojea wifi ili ijifanye upya yenyewe. Hapa Kabongo, mutu anaweza kukaa miezi pasipo kukutana na wifi, na telefone inakaa inangojea. Kwa hiyo, siku ya mushahara, weka mega kidogo kando kwa kazi hiyo. Fanya upya kwanza navigatere na programu ya feza. Michezo na mambo mengine yatangojea. Mara moja kwa mwezi ni desturi nzuri.

Tuko pia na desturi ya kupeana programu kwa Bluetooth ao kwa Xender ili kuchunga mega. Ninaelewa sababu. Lakini programu unayopewa vile inaweza kuwa ya zamani, ao imeguswa na mukono mwingine njiani. Kwa wimbo ao picha ya arusi, sawa. Kwa navigatere na programu ya feza, hapana.

Na telefone iliyozeeka sana? Tangu mwaka 2025, Chrome mupya haiingii tena kwenye Android 8 na 9. Kwa ordinatere zenye Windows 7, Chrome ilisimama tangu mwaka 2023. Navigatere ile inaendelea kufunguka, lakini haipati vizibo tena. Ni kama kofia ya kazi yenye kupasuka: bado inakaa kwenye kichwa, lakini jiwe likianguka haitakusaidia. Kama hauna uwezo wa kununua telefone ingine, itumie kwa kuita watu na kusikiliza muziki, lakini usifungue mambo ya feza kwenye intaneti yake.

VIONGEZO: KIDOGO NI KUZURI

Navigatere inaweza kupokea programu ndogo zinazoshikamana nayo. Kwenye ekra utaona neno « extensions » ao « modules complémentaires ». Sisi tuziite viongezo. Vingine vinasaidia kweli. Kwa mufano, uBlock Origin inazuia matangazo, na matangazo ndiyo yanayoleta mara nyingi maandishi ya uongo kama yale yaliyomudanganya ndugu yetu. Inazuia pia mega kuliwa bure. Hailipishwi. Inaingia kwenye Firefox ya telefone za Android. Chrome ya telefone haipokei viongezo.

Lakini kiongezo kiko ndani ya nyumba. Vingi vinaweza kusoma kila ukurasa unaofungua na kila neno unaloandika. Na kiongezo kizuri kinaweza kubadilika. Kulikuwa kimoja cha Chrome ya ordinatere, jina lake The Great Suspender, chenye watu zaidi ya milioni 2. Katika mwaka 2020 mwenye kukitengeneza alikiuzisha kwa mutu mwingine, na katika Februari 2021 Google ilikiondoa kwa sababu kilikuwa na kazi mbaya ndani yake. Wenye kukitumia hawakubadilisha kitu. Ni mwenye kiongezo aliyebadilika.

Kwa hiyo: chukua viongezo vichache sana, uvichukue kwenye duka la navigatere yenyewe, na uondoe kile usichotumia. Mugonjwa mwenye kumeza vidonge kumi pasipo kuulizia, hatuwezi kusema anajitunza.

KAMA MAMBO IMEKWISHA KUHARIBIKA

1. Kata intaneti kwenye telefone ile mara moja.
2. Chukua telefone ya mutu wa nyumba, ita kampani inayochunga feza yako kwa namba unayoijua, uombe wafunge konti. Usiite namba iliyoandikwa kwenye maandishi ya uongo.
3. Ondoa programu uliyoingiza. Ikikataa, peleka telefone kwa mutu mwenye kujua, aifute yote.
4. Badilisha namba za siri, lakini kwenye telefone ingine iliyo nzima.
5. Ambia bibi ao bwana yako. Ndugu yule alificha jambo siku tatu kwa haya, na siku zile tatu zilimuletea tansio, tena zilimupa mwizi wakati wa kukimbia.

Wamama, na ninyi vijana munaojua telefone kuliko wazazi, jambo hili ni la nyumba yote. Jioni hii, baba akirudi kutoka kazi, mukae pamoja dakika kumi. Mufungue Play Store, muangalie navigatere, muhesabu viongezo. Na mukumbuke neno moja: kufanya upya ni dawa ya kweli, lakini wewe ndiye unaenda kuichukua kwa fasi yake. Dawa inayokuja yenyewe kukugongea mulango, usiimeze.