Kabla Lori la Chuma Halijafika

Anayetoka Nairobi kwa Mombasa Road, akishapita Embakasi na Mlolongo kuelekea Athi River, huona maghala ya chuma yamejipanga kando ya barabara: paa la mabati ya rangi, kuta za mabati, lango la kupitisha trela. Ploti iliyokuwa nyasi tupu, baada ya majuma machache ina nguzo zilizosimama na mafundi wako juu wakikaza bolti. Kasi hiyo ndiyo sifa kuu ya majengo haya, na ndiyo inayowaponza wenye mali. Fremu hukatwa na kuchomelewa karakanani huku faili ya kibali ingali mezani kwa afisa wa kaunti. Mteja akiona chuma kiko tayari na pesa zimelala, humwambia mkandarasi asimamishe tu.

Kisingizio hakikosekani: hili si jengo hasa, limefungwa kwa nati, tukiambiwa tuliondoe tutalifungua. Sheria ya Kenya ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 haikuacha upenyo huo. Inachokiita ustawishaji ni kazi yoyote ya ujenzi juu ya ardhi, hata kubadilisha kwa kiasi kikubwa matumizi ya jengo lililokuwapo. Haijali kama ni mawe, mbao au chuma. Anayeanza bila ruhusa ya kaunti anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miezi miwili, au yote mawili. Kwa mtu aliyetumia mamilioni, faini hiyo haiumi sana. Kinachouma ni ilani inayoweza kumwamuru arudishe ardhi ilivyokuwa, kwa gharama yake mwenyewe. Nguzo zitafunguliwa kwa spana, ndiyo, lakini zege la msingi halifunguliwi.

Swali la kwanza la mpangaji wa kaunti, kwa hiyo, halihusu chuma hata kidogo. Anataka kujua ploti imetengewa nini: makazi, biashara, viwanda au kilimo. Jibu limo katika mpango wa kaunti na katika masharti ya hati ya ardhi, na ni vyema mnunuzi alisome kabla ya kulipia ploti. Ikiwa hati inasema kilimo, itabidi aombe kwanza kubadilishiwa matumizi, atangaze ombi lake kwa umma, na majirani wapewe nafasi ya kupinga. Hatua hii huchosha, na wengi huiona kama mtego wa kuwanyima wafanyabiashara usingizi.

Yaliyotokea Embakasi yanatoa picha nyingine. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka katika mtaa wa Mradi, kwenye kituo cha kujazia mitungi kilichozungukwa na nyumba za watu. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na moto ukateketeza nyumba, magari na ghala moja la nguo lililokuwa karibu. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilieleza kwamba mwaka wa 2023 ilikuwa imekataa maombi ya kituo hicho mara tatu, mwezi wa Machi, Juni na Julai, kwa kuwa michoro haikutimiza umbali wa usalama katika eneo lenye watu wengi. NEMA, mamlaka ya mazingira, ikakiri baadaye kwamba leseni yake ilitolewa bila utaratibu kufuatwa. Yaani mamlaka moja ilisema hapana huku nyingine ikipiga muhuri. Kwa mwenye ghala, funzo liko kwenye lile ghala la nguo: sheria ya maeneo humbana yeye, lakini humlinda pia na jirani ambaye mitungi yake inaweza kumteketezea bidhaa zote kwa usiku mmoja.

Matumizi yakishakubaliwa, ndipo michoro hutazamwa. Hapa yapo mambo ambayo mwenye mali huyaona madogo: umbali kutoka mpaka wa ploti, sehemu ya ploti itakayofunikwa na paa, nafasi ya trela kugeuka bila kurudi kinyumenyume barabarani, na maji. Hasa maji. Paa la mita za mraba 1,000 likipigwa na mvua ya milimita 50 humwaga lita 50,000, na lazima ziende mahali. Bila mfereji zitaingia kwa jirani, naye atajua njia ya kwenda kulalamika.

Mhandisi ana hofu yake ambayo si ya mpangaji. Nyumba ya mawe hukaa chini kwa uzito wake; ghala la chuma ni jepesi, na upepo hutaka kulinyanyua. Upepo wa kilomita 108 kwa saa una shinikizo la karibu kilo 56 kwa kila mita ya mraba, ilhali bati la nusu milimita lina kilo tano hivi kwa eneo hilohilo. Ndiyo maana afisa mwangalifu hukagua kwanza bolti zinazoshika nguzo kwenye msingi na vyuma vya mshazari vinavyozuia fremu kuyumba. Michoro iliyokuja na kontena kutoka ng'ambo haitoshi, hata ikiwa mizuri namna gani. Ni lazima mhandisi aliyesajiliwa Kenya aipitie kwa upepo na udongo wa hapa, kisha atie sahihi. Na moto? Chuma hakiwaki, lakini kikifika nyuzi joto 600 hivi huwa kimepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na fremu hujikunja. Milango ya dharura huamuliwa kwenye karatasi, kabla shehena haijaingia.

Vibali vingine hufuata: tathmini ya mazingira kwa NEMA, usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na karibu na viwanja vya ndege, idhini ya urefu. Kanuni mpya za ujenzi za 2024 nazo zimechukua nafasi ya zile za 1968, kwa hiyo michoro ya zamani iliyorithiwa kwa rafiki isitumiwe tena.

Kaunti ina siku 60 za kujibu. Zikipita bila jibu la maandishi, sheria huchukulia kwamba ruhusa imetolewa. Kifungu hicho kiliwekwa kumsukuma afisa anayekalia faili, na wapo wanaokihesabia siku kwa furaha. Kukitegemea, hata hivyo, ni kujitafutia kesi, maana benki itataka karatasi yenye muhuri. Ombi likikataliwa, mwombaji ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya mipango ya ardhi, na asiporidhika huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Njia rahisi ya kuzuia chuma kisitangulie kibali ni kuugawa mkataba na mtengenezaji. Malipo ya kwanza yawe ya michoro na hesabu za mhandisi tu, ambazo ndizo kaunti inazotaka. Pesa za chuma zitolewe ruhusa ikishapatikana, na ikubaliwe mapema bei itadumu kwa muda gani, kwa kuwa bei ya chuma hubadilika wakati faili ikizunguka ofisini.