Je, Wajua? Chanzo cha Mto na Chanzo cha Ugomvi

Neno chanzo, linalotokana na kitenzi kuanza, hubeba maana mbili, yaani mahali kitu kinapoanzia na jambo linalokisababisha, ndiyo maana husemwa chanzo cha mto na vilevile chanzo cha ugomvi. Mto Aruwimi, unaopita Banalia, kaskazini mwa Kisangani, kabla ya kuingia katika Mto Kongo huko Basoko, huonyesha jinsi maana ya kwanza inavyohitaji uangalifu: jina la Aruwimi lina mwanzo wake pale Mto Ituri unapoungana na Nepoko, lakini maji yenyewe yana chanzo chake mbali zaidi mashariki, katika nyanda za juu zilizo karibu na Ziwa Albert, hivyo mwanzo na chanzo, ingawa ni maneno ya ukoo mmoja, hapa hayapokezani nafasi.

Maneno mengine yenye maana hizi, asili na sababu, yana shina la Kiarabu na historia ya kupendeza zaidi. Asili ilitokana na neno lenye maana ya mzizi, na sababu ilitokana na neno lililomaanisha kamba, kisha likamaanisha chochote kinachomfikisha mtu kwenye kitu kingine. Ni picha nzuri mno ya fikra inayofuata tukio hadi lilikoanzia. Katika Kiswahili cha Kongo, kilichofika Kisangani pamoja na misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip katika karne ya 19, hata neno juu huonyesha sababu, kwa kuwa anayeuliza “juu ya nini?” anataka kujua kwa nini.