Dunia Iliporudi Nyuma, Sote Tulicheka

Mpenzi msomaji, ukiwa na rafiki wa miaka mingi ambaye majirani wanamcheka, nawe wajua fika kwamba wanachomchekea ni kweli, je, utamkana? Mimi nimeshindwa. Rafiki yangu ni sinema ya Superman, ile ya kwanza yake Christopher Reeve iliyotolewa mwaka wa 1978.

Naandika haya kwa sababu ya ubishi uliozuka nyumbani kwangu. Mwanangu yuko kidato cha tatu, na tangu aonje fizikia hatupumui. Aliitazama pamoja nami kwa muda wa saa mbili na zaidi, akatulia tuli, kisha mwisho ulipofika akaangua kicheko na kusema, "Baba, hii ni ya watoto wa chekechea."

Kwa wale ambao hawajaiona, mambo ni haya. Mwovu Lex Luthor amenunua ardhi ya jangwa huko Marekani kwa bei ya kutupa. Anataka kulipua ufa wa San Andreas, pwani yote ya California izame baharini, na jangwa lake liwe ndilo ufuo mpya. (Wanyakuzi wetu wa mashamba ni wanagenzi mbele yake!) Basi anaelekeza makombora mawili, moja likielekea magharibi kwenye ufa huo, la pili mashariki katika mji wa Hackensack, jimbo la New Jersey.

Superman wakati huo amevishwa shingoni jiwe la kryptonite linalommaliza nguvu, naye yumo majini akikaribia kufa. Anayemwokoa ni Bi Teschmacher, mwanamke wa Luthor mwenyewe, lakini kwa sharti: aahidi kulizuia kwanza lile kombora la mashariki, kwa kuwa mamake mwanamke huyo anaishi Hackensack. Superman anaahidi, na ahadi anaitimiza. La magharibi linalipuka. Ardhi inapasuka, gari la Lois Lane, mwandishi wa habari anayempenda, linafukiwa na udongo, naye anafariki. Superman anafika akiwa amechelewa.

Ndipo anapopaa hadi angani na kuizunguka dunia kwa kasi isiyosemeka, mpaka dunia inaanza kuzunguka kinyume. Saa zinarudi nyuma. Lois yu hai, analalamika kwamba gari limezima.

Mwanangu alinieleza kwamba dunia kwenye ikweta huzunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, hivyo ikisimamishwa ghafla, sisi na nyumba zetu na ng'ombe wetu tutarushwa kama maharagwe kwenye ungo. Isitoshe, kuizungusha dunia kinyume hakurudishi jana, kama vile kurudisha nyuma mshale wa saa hakukuondolei mvi. Ni kweli tupu. Wapo watetezi wanaodai kwamba Superman hakuigeuza dunia, bali yeye ndiye aliyerudi nyuma kwa kasi yake, na tunachokiona ni wakati tu ukijikunja. Nawashukuru mawakili hao, lakini siwahitaji.

Nitaongeza hata mashtaka mengine. Mwisho huo ulikusudiwa uwe wa sinema ya pili, kwani zote mbili zilikuwa zikipigwa kwa pamoja, ukahamishiwa ya kwanza. Mwelekezi Richard Donner naye aliachishwa kazi kabla ya kuimaliza hiyo ya pili. Otis, kibaraka wa Luthor, anachosha. Lois anapopelekwa angani usiku tunasikia mawazo yake yakighaniwa kama shairi, na hapo hata mimi huenda kuchemsha chai.

Lakini hebu mtazame Reeve! Kuna mahali, katika nyumba ya Lois, ambapo Clark Kent anakata shauri la kumfichulia siri. Lois yuko chumba kingine. Clark anavua miwani, anauinua mgongo, mabega yanapanuka, hata sauti inakuwa nzito. Kisha anaingiwa na woga, anajikunja tena, miwani inarudi. Hakuna kamba wala ujanja wa kamera. Ni mtu na mwili wake tu, na unaona watu wawili.

Sasa nifike kwenye hasa linaloniuma. Mapema katika sinema hiyo, mzee Jonathan Kent, mkulima aliyemlea Clark, anazungumza na kijana wake uani. Anamwambia kwamba yuko duniani kwa sababu fulani. Wanaanza kukimbizana kwa mzaha kuelekea ghalani, mzee anasimama, anaushika mkono wake, anaanguka. Moyo. Kwenye mazishi kijana anamlilia mamake kwamba ana nguvu zote hizo na bado hakuweza kumwokoa.

Mara ya kwanza niliitazama katika banda la video sokoni kwetu, nikiwa mvulana, na dunia ilipogeuka sote tulicheka. Mwaka wa 1991 nililetewa habari kazini kwamba baba amezidiwa. Nilipanda matatu ya jioni, nayo ikapasuka gurudumu njiani. Hakuna aliyekosea. Tulikaa kando ya barabara karibu saa mbili. Nilipofika langoni nilisikia vilio vya akina mama.

Nilipoiona tena sinema hiyo, sikucheka. Angani Superman anasikia sauti mbili: ya baba aliyemzaa, Jor-El, ikimkataza kuingilia historia ya binadamu, na ile ya mzee Kent. Anamtii mzee Kent. Ni mtoto aliyewahi kuchelewa kaburini akikataa kuchelewa mara ya pili. Fizikia yake ni mbovu, lakini usiku ule kando ya barabara, mimi pia ningeizungusha dunia kwa mikono yangu kama ingewezekana.

Reeve mwenyewe alianguka kutoka kwa farasi mwaka wa 1995, akapooza kuanzia shingoni, na akaaga dunia mwaka wa 2004.

Mwanangu sikumweleza hayo ya matatu. Labda atayasoma hapa. Nawe msomaji ukiipata sinema hiyo, enda ukachemshe chai Lois anapoghani shairi lake, ila uwe umerudi kitini gari lake linapoanza kuzama.