BLANKETI LA KUZIMIA MOTO: MATUMIZI YAKE KATIKA OFISI NA MAJIKO YA VYAMA VYA MSINGI

Wahenga walisema, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Wanaushirika wameitumia methali hiyo kwa miaka mingi kufundisha umoja, lakini maana yake ya kwanza inauhusu moto wenyewe. Kinga kimoja kikiachwa peke yake huzimika. Viwili vikisogezwa pamoja huwaka. Moto hauwaki mpaka mambo fulani yakutane, na anayejua kuyatenganisha anaweza kuuzima. Hiyo ndiyo kazi ya blanketi la kuzimia moto.

Katika chama cha msingi, moto mdogo huweza kuleta hasara isiyolingana na udogo wake. Mara nyingi ofisi ya chama ni jengo moja lenye chumba cha Katibu, ghala, na kijiko cha kupikia chai ya makarani siku za ununuzi wa mazao. Upande wa pili wa ukuta wa jiko hilo yamo magunia matupu, daftari la wanachama, na nakala za stakabadhi za mazao yaliyopokelewa lakini hayajalipwa. Ingawa siku hizi baadhi ya kumbukumbu huwekwa katika kompyuta, kompyuta hiyo nayo imo chumbani humo humo. Mkulima aliyekwisha kupimiwa mazao yake na bado hajalipwa hutegemea karatasi hizo. Zaidi ya hayo, yupo mpishi anayesimama mbele ya jiko. Ghala laweza kujengwa upya. Uhai wa mtu haurudi.

MOTO HUISHI KWA NINI

Moto huhitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto, na oksijeni iliyomo hewani. Hewa ya kawaida ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Ikipungua hadi karibu asilimia 15, miali mingi hufifia na kufa. Blanketi hufunika kinachowaka na kuzuia hewa mpya isiingie, na oksijeni iliyobaki chini yake huliwa na moto wenyewe upesi.

Kutokana na maelezo hayo, mambo mawili hufuata. La kwanza, blanketi lisipofunika pande zote, hewa hupenya na moto huendelea. La pili, blanketi huondoa hewa tu. Joto na kitu cha kuungua bado vipo. Anayelifunua mapema huurudishia moto kile ulichokosa.

KWA NINI MAJI HAYAFAI

Watu wengi wakiona sufuria ya mafuta inawaka hukimbilia ndoo ya maji. Hilo ni kosa linaloweza kuua. Maji huchemka katika joto la nyuzi 100 za Sentigredi, na mafuta ya kupikia yanayowaka yenyewe yamekwisha kupita nyuzi 300. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama chini yake na kugeuka mvuke mara moja. Mvuke huo huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko maji yaliyouzaa, nao hurusha mafuta yanayowaka hadi darini na juu ya mtu aliyeyamwaga.

BLANKETI LENYEWE

Blanketi la kuzimia moto hufumwa kwa nyuzi za kioo, ambazo haziwaki. Ya kawaida huwa na upana wa mita 1 kwa mita 1, au mita 1.2 kwa mita 1.2, yaliyo makubwa hufika mita 1.8 kwa urefu. Hukunjwa katika mfuko au kijaluba, na chini yake hutokeza vishikio viwili vya kuvutia.

Mahali pake ni ukutani karibu na mlango wa jiko, kwa kimo kinachofikiwa na kila mtu. Lisitundikwe juu ya jiko, maana anayelihitaji atalazimika kupitisha mkono juu ya miali. Wala lisifungiwe kabatini mwa Katibu.

NAMNA YA KULITUMIA

Kwanza, apimaye moto apime pia njia ya kutokea. Ikiwa moto haujazidi chombo unachowakia, na mlango uko nyuma yake, anaweza kuukabili. Wengine waarifiwe watoke nje, na mmoja apige simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo kwa Tanzania ni namba 114.

Pili, jiko lizimwe au gesi ifungwe, ikiwa kitasa kinafikiwa bila kupitisha mkono motoni. Kama hakifikiki, moto ufunikwe kwanza.

Tatu, vishikio vivutwe kwa nguvu. Pindo la juu la blanketi likunjwe juu ya vidole ili mikono yote miwili ijifiche nyuma yake. Blanketi lishikwe mbele ya kifua kama ngao.

Nne, pindo la chini liwekwe kwenye ukingo wa sufuria ulio karibu na mtu, kisha blanketi lilazwe polepole kuelekea upande wa mbali. Hivyo miali husukumwa mbele. Lisitupwe kamwe, kwa kuwa likitupwa huweza kuangusha sufuria au kuacha upenyo.

Tano, blanketi liachwe hapo kwa muda usiopungua dakika 30, jiko likiwa limezimwa. Asiwepo wa kuchungulia. Mafuta yaliyopata joto kiasi hicho huwaka tena yenyewe mara yakiguswa na hewa. Vilevile sufuria isibebwe kupelekwa nje. Wengi wameungua wakiwa njiani kuelekea mlangoni.

MAHALI AMBAPO BLANKETI HALITOSHI

Blanketi lina mipaka yake. Karai kubwa la kukaangia lenye lita nyingi za mafuta huweza kulishinda, kwani mvuke wa mafuta hupenya ufumaji mwepesi na kuwaka juu yake. Ni lazima maelezo ya kiwandani yasomwe kabla ya kununua, ili kujua kama linafaa kwa moto wa mafuta.

Gesi inayovuja huku ikiwaka haizimwi kwa kufunikwa ikiwa haiwezi kufungwa, kwa maana itaendelea kujaa chumbani na kulipuka. Moto wa umeme usiguswe kabla swichi kuu haijazimwa. Marobota ya pamba huungua kwa ndani pole pole, na blanketi juu yake hudanganya macho tu. Betri za lithiamu, zilizomo katika simu na katika taa nyingi za jua, huzalisha joto lake zenyewe. Katika hali hizo, na wakati wowote moto umefika darini, watu watoke, mlango ufungwe, na zimamoto waitwe.

MTU AKISHIKWA NA MOTO

Mtu ambaye nguo zake zinawaka asikimbie, kwa sababu kukimbia huchochea miali. Alazwe chini, afunikwe kuanzia shingoni kushuka miguuni, uso ukiachwa wazi, kisha aviringishwe. Moto ukizimika, mahali palipoungua papoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, naye apelekwe hospitali. Dawa ya meno, majivu, mafuta na ute wa yai visipakwe.

PASIPO BLANKETI

Chama kisicho na blanketi hakikosi kinga kabisa. Mfuniko wa sufuria unaoenea vizuri huzima mafuta yanayowaka, na ndoo ya mchanga mkavu hufaa kwa mafuta ya taa yaliyomwagika sakafuni. Jiko la mafuta ya taa lisijazwe likiwa linawaka. Magunia makavu ya katani yasitumiwe kufunikia, kwani huwaka; ya plastiki huyeyuka na kunata mwilini.

UTUNZAJI

Kila mwanzo wa msimu, blanketi likaguliwe kama halina tundu, mafuta wala vumbi. Lililokwisha kutumika motoni libadilishwe. Mablanketi ya zamani sana huweza kuwa ya asibesto, madini ambayo sasa inajulikana kwamba vumbi lake huleta saratani. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 1999. Likionekana la namna hiyo lisikung'utwe wala kukatwa, bali Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi ajulishwe.

WAJIBU WA BODI

Kununua ni nusu ya kazi. Blanketi ambalo mpishi hajawahi kulishika ni pambo la ukutani. Inafaa kila Bodi iingize jambo hili katika ajenda kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, itaje kwa jina mtu wa kulikagua, na iwapatie mpishi, karani na mlinzi nafasi ya kufanya zoezi kwa sufuria tupu, isiyo na moto, mpaka mikono yao izoee. Zoezi hilo halichukui hata nusu saa.