Bastola ya kuchezea inapokwama: tahadhari kwa wafanyabiashara wa Guangzhou

Mtaa wa Dengfeng, wilayani Yuexiu mjini Guangzhou, unafahamika kwa wafanyabiashara wa Kiafrika wanaofuata bidhaa nchini China. Miongoni mwa bidhaa hizo ni vitu vya kuchezea watoto, zikiwemo bastola za plastiki, ambazo kasoro yake ya kawaida ni risasi kukwama.

Chanzo aghalabu kimo ndani ya magazini. Humo springi ndogo husukuma vipira vya plastiki kwenda juu, kimoja kimoja. Vumbi, kipira kilichobonyea au springi iliyolegea huzuia mwendo huo. Dawa yake ni kutoa vipira vyote, kusafisha njia yake, kutupa vilivyoharibika na kujaribu magazini nyingine.

Lisilofaa ni kubadili springi kubwa ya pistoni na kutia iliyo kali zaidi. Springi hiyo hailishi risasi, bali huongeza nguvu ya kuirusha. Kwa mujibu wa kanuni ya mwaka 2010 ya Wizara ya Usalama wa Umma ya China, nguvu hiyo ikifikia jouli 1.8 kwa sentimita moja ya mraba, kifaa huhesabiwa kuwa bunduki.

Mwaka 2016, mwanamke mmoja mjini Tianjin aliyekuwa na kibanda cha kulenga maputo alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu kwa kumiliki bunduki za namna hiyo. Januari 2017, mahakama ya rufaa ilimpa kifungo cha nje. Agizo la mwaka 2018 liliwataka mahakimu wazingatie mazingira yote ya kesi, lakini halikukifuta kiwango hicho.